Mwali Ndani, Ntahangwa Nje

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuchungulia. Mama alikuwa akisema kwamba siku nikifa itabidi wanifunge macho kwa kitambaa kizito, maana nitataka kuona nani amekuja msibani na nani hakuja. Sikatai. Jirani akifungua geti, lazima nijue anatoka na nini. Pikipiki ikianguka barabarani, mimi ni wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kwa hiyo mtaelewa nilivyoumia wiki ile ya Aprili, mbingu ya Bujumbura ilipofanya mambo ambayo hata wazee wa mtaa wetu wa Buyenzi walikiri hawajawahi kuyaona, na mimi nimefungiwa chumbani, nimepakwa liwa mwili mzima, dirisha limezibwa kwa kanga mbili.

Nilikuwa mwali. Kwetu, watu wa Buyenzi wa siku nyingi, binti anayeolewa huwekwa ndani siku kadhaa kabla ya harusi. Haoni jua, hashiki sufuria, hapokei wageni. Husuguliwa, hufukizwa udi mpaka nywele zinukie, na hufundwa mambo ya ndoa na shangazi yake. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja na begi lake, mkeka wake na masharti yake. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alitandika mkeka kwenye mlango wa chumba changu akalala hapo hapo, na hata nikienda msalani alinifunika kanga kichwani akanishika mkono, nikawa naona miguu yangu tu na ndala zake.

Harusi ilikuwa Jumapili. Mchumba wangu ni mtu wa Musaga, upande wa kusini wa mji, na nikaha ingefungwa msikitini Buyenzi adhuhuri, kisha watu wake waje kunichukua nyumbani. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo kwetu ni zito kuliko keki na kuliko picha. Binti hutoka kwa mlango wa mbele wa nyumba ya baba yake, bila kugeuka nyuma, na mama yake, anayebaki ndani, huufunga mlango kwa ufunguo nyuma yake. Bibi alimfungia mama. Mama alimfungia dada yangu. Wanasema binti asiyefungiwa mlango atakuwa mtu wa kurudi-rudi kwa wazazi. Dada yangu alifungiwa vizuri kabisa na bado alikuwa anarudi kila Alhamisi kuomba sombe, yale majani ya muhogo ya mama, lakini hilo hatukulisema mbele ya shangazi.

Na mlango wenyewe haukuwa mlango wa kawaida. Baba ni seremala. Aliutengeneza akiwa kijana, kwa mbao za libuyu zilizotoka Kongo, akauchonga maua pembeni, akautia kitasa cha shaba, wakati yeye mwenyewe alikuwa anakodi chumba kimoja chenye mlango wa bati. Miaka mingi mlango ule ulisimama ukutani kwenye karakana yake, na wateja waliotaka kuununua walirudi mikono mitupu. Alipopata kiwanja, mwisho kabisa wa Buyenzi, kando ya mto Ntahangwa, alijenga nyumba kwa kuufuata mlango. Wakati huo mto ulikuwa mbali, huko chini, na katikati palikuwa na migomba. Kila masika ulikula kidogo, na nilipofikia kuolewa migomba ilikuwa imebaki ya kusimuliwa tu.

Mwaka ule mvua ilikuwa imeshawatesa watu kabla ya wiki yangu. Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda, likaingia kwenye mabaa na nyumba za ufukweni, na viboko walionekana wakitembea juu ya lami karibu na bandari, wakila majani kwenye nyua za watu. Mimi nilikwenda kuwaona, bila shaka. Lakini sisi wa kando ya mto tulikuwa tunaliangalia ziwa kama shida ya wengine.

Dhoruba ya kwanza ilikuja Jumatano alasiri. Tangu asubuhi joto lilikuwa la kukaba, liwa ilikuwa inanidondoka shingoni, na shangazi alikuwa ananieleza namna ya kuishi na mama mkwe. Ghafla mbwa wote wa mtaa wakanyamaza. Kisha upepo ukafika. Haukuanza kidogo ukaongezeka. Ulifika wote kwa pamoja, na nyuma yake mawe ya mvua. Juu ya bati, yalipiga kelele ambayo sijaisikia tena mpaka leo. Nilimwona shangazi akiendelea kufungua na kufunga mdomo, lakini maneno hayakunifikia, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kushindwa kwa sauti. Niliangalia juu. Pale ambapo paa linakutana na ukuta uliingia mstari wa mwanga, ukatoka, ukaingia tena. Paa la nyumba yetu lilikuwa linapumua.

Niliogopa, nasema wazi. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, furaha fulani ya ajabu, kama ya mtoto anayerushwa juu na baba yake. Nilitaka iendelee.

Bati la jirani liling'oka lote, likapita juu ya uwanja wetu na kuishia kwenye karakana ya mafundi magari. Hayo nilisimuliwa. Mvua ilipotulia mama aliingia chumbani, kalowa mpaka kwenye nyusi, amebeba bakuli la chakula. Ndani ya bakuli kulikuwa na mawe ya mvua, makubwa kama limau, yameshikana.

"We mutu wa kuangalia-angalia," alisema, "shika, usiseme nilikunyima."

Niliyashika mpaka vidole vikauma. Shangazi alinung'unika kwamba baridi itaharibu liwa, lakini naye alichukua moja akalizungusha kiganjani mpaka likaisha.

Alhamisi mawingu hayakuondoka. Yalikaa juu ya mji, meusi kwa chini, na kila baada ya muda ngurumo ilitembea kutoka milimani kwenda ziwani. Kulikuwa na tundu la hewa juu ya ukuta wa chumba changu, upande wa magharibi, lenye wavu wa mbu. Kwa siku mbili nilikuwa nimeliangalia tundu lile kama mfungwa. Chini yake ilisimama valizi, lile sanduku la nguo ambalo upande wa mume humletea bibi harusi, jekundu, zuri, lenye magurudumu. Shangazi alipotoka kuswali alasiri, nilipanda juu ya valizi.

Juu ya mapaa ya Buyenzi, upande wa ziwa, wingu lilikuwa limekatwa sawasawa kwa chini kama ubao uliopita kwenye msumeno. Kutoka kwenye ukingo wake kilining'inia kitu chembamba, cheupe kidogo, kinachojipinda polepole. Nilidhani ni moshi. Lakini moshi hupanda, na hiki kilikuwa kinashuka. Kilishuka mpaka nyuma ya mapaa, kikanenepa, kikaanza kutembea kwenda upande wa Kongo bila haraka yoyote. Kilikuwa kinavuta maji ya ziwa kuyapeleka juu. Sikujua kwamba ziwa ambalo nimeoga ndani yake, ambalo nimekula samaki wake, linaweza kusimama.

"We mutoto, shuka."

Shangazi alikuwa mlangoni, bado na mtandio wa sala.

"Shangazi, njoo uone."

"Mi ni mutu mukubwa, sipandi ma-valizi."

"Ziwa linapanda juu. Njoo."

Alisimama kidogo. Kisha alivua ndala, akashika bega langu, akapanda. Valizi ilitoa sauti ya kuvunjika kitu na hatukujali. Tulikaa shavu kwa shavu kwenye tundu lile dogo, mimi nanuka liwa, yeye ananuka karafuu. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

"Subhanallah," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. "Nimezeeka hapa. Sikujua iko nafanya hivi."

Kile kitu kilikatika katikati, kikayeyuka juu na chini, na wingu likafunga. Shangazi akashuka, akavaa ndala, akaniangalia.

"Haukuona kitu."

"Sikuona."

Kifuniko cha valizi kilikuwa kimezama katikati. Mume wangu hadi leo anaamini kiligongwa kwenye teksi.

Ijumaa ndiyo siku ya mto. Usiku wote mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na dada yangu, ambaye wakati huo alikodi nyumba Mutanga Nord, huko juu ambako Ntahangwa hupita kabla ya kutufikia sisi, alianza kupiga simu tangu asubuhi. Mama aliweka simu kwenye spika juu ya meza ya sebuleni, nami nilisikia yote kupitia mlango wa chumba.

"Ma, Ntahangwa iko nakuja na miti. Apana vitawi, miti mizima. Moja imesimama, iko natembea."

Tukangoja. Baada ya muda mfupi, nyuma ya ukuta wangu, nilisikia kitu kikubwa kikipita, kikigonga ukingo, kikinguruma. Ulikuwa ule mti. Simu ikaita tena.

"Ma, daraja ya mbao ya kwa jirani imeenda. Na poulailler, ile nyumba ya kuku, na kuku ndani."

Tukangoja, na kuku wakapita. Naapa nilisikia jogoo. Siku nzima ilikwenda hivyo: dada yangu anatuambia yanayokuja, na mto unatuletea. Nilikaa kitandani nimekumbatia magoti, na chini ya sauti ya maji nilianza kusikia sauti nyingine, nzito, ya mawe makubwa yakibingirika kwenye kitanda cha mto. Hiyo haikuingia masikioni. Iliingia kwenye miguu ya kitanda na kwenye meno yangu.

Adhuhuri choo cha uwani kilianguka mtoni. Kikafuata kibanda cha jiko, pamoja na sufuria kubwa za pilau tulizoazima. Baba alirudi kutoka msikitini akakuta uwanja umekuwa nusu. Alikwenda kusimama ukingoni, akarudi nyuma kwa sababu ukingo ulikuwa unasogea, akasimama tena.

Viongozi wa mtaa walifika na makoti ya mvua, wakasema watu wote wa safu yetu watoke kabla ya jioni. Majirani walikuwa wanatoa magodoro na televisheni. Mama alileta kiti cha plastiki, akakiweka ndani, nyuma ya mlango wa mbele, akaketi.

"Mi sitoki," alisema. "Jumapili mutoto wangu atatoka na huu mulango, nitafunga nyuma yake. Kisha mutanipeleka kwenye munataka."

Baba aliinama mbele yake. "Mama watoto, basi atoke na mulango leo. Sasa hivi. Tumalize."

"Atoke aende kwa nani? Iko mume inje?"

Hakukuwa na mume nje. Mchumba wangu alikuwa amempigia baba asubuhi: mto Muha nao ulikuwa umefurika, daraja la kwenda Musaga limefungwa, na hakuna gari wala mguu uliovuka. Aliniombea niwe salama, masikini, na akamwagiza baba aniulize kama nimeona mawe ya mvua ya Jumatano. Yeye hakuwa analindwa na shangazi.

Msidhani mama alikuwa mtu wa ukaidi. Ni mama huyo huyo aliyeniletea bakuli la barafu. Lakini vita vya miaka ile vilipowatawanya watu wa mji huu, yeye alikuwa bibi harusi mpya aliyekwisha kufungiwa mlango na mama yake, na hakumwona tena mama yake baada ya siku ile. Nafikiri ile sauti ya ufunguo ndiyo kitu cha mwisho alichobaki nacho. Alitaka kunipa na mimi. Nilijua hilo, na nilijua pia kwamba nyumba inaweza kuondoka naye juu ya kile kiti cha plastiki. Nililia ndani ya kanga, na shangazi hakunikataza.

Hakuna aliyekubali kutoka bila mama, na Jumamosi alfajiri, tulipokuwa tunamaliza kuswali, sakafu ya sebule ilipasuka. Ufa ulianza kwenye mlango wa chumba changu, ukapita chini ya mkeka wa shangazi, ukaenda mpaka ukutani, mwembamba, kwa sauti ndogo ya kitambaa kinachochanwa. Sote tuliuangalia. Mama hakuinuka kitini. Alifunga macho tu.

Shangazi alikunja mkeka wake. Nilitegemea sauti ya kusimamisha lori, lakini alikwenda akapiga magoti karibu na mama, akaongea kwa ile sauti nyingine, ya siku ya valizi.

"Wifi. Mi nilikuwa hapa kabla yako. Kaka yangu alifanya huu mulango akiwa bado hana nyumba. Ulisimama kwenye atelier miaka, peke yake, na watu tulikuwa tunasema: ule ndio mulango wa nyumba yake. Nyumba ilikuwa wapi? Haikuwa."

Mama alifungua macho.

"Nyumba ilikuja nyuma ya mulango," shangazi alisema. "Inaweza kuenda. Mulango ubakie." Akamgeukia baba. "Fungua hii kitu."

Baba alimwangalia mama. Hakugusa bisibisi mpaka mama alipoinuka, akakivuta kiti pembeni ili mlango upate nafasi. Kisha baba na mafundi wawili wa karakana yake waliutoa mlango kwenye bawaba, na fremu yake yote, kwa patasi na nyundo, taratibu, kana kwamba mteja amesimama anawakagua. Chini yetu mawe yalikuwa yanabingirika. Hakuna msumari uliopindishwa. Walipomaliza, palibaki tundu kubwa kwenye ukuta wa mbele, na asubuhi ikaingia ndani ya nyumba yetu bila kubisha.

Tulikwenda Cibitoke, kwa baba mdogo, ng'ambo ya Ntahangwa. Mvua ilikuwa imenyamaza kidogo. Baba na mafundi walitangulia na mlango vichwani. Mama alifuata nyuma yao kabisa, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Nyuma ya mama, mimi na shangazi, yeye anavuta valizi, na mimi nimefunikwa kichwa mpaka kiunoni, naona ndala na matope. Watu walikuwa wengi njiani, kila mmoja na kitanda chake, na bado walitupisha. Nilisikia mwanamke mmoja akimuuliza mwenzake kama ule ni msiba au ni harusi.

Tulipofika darajani nilijua kwa miguu. Daraja lilikuwa linatetemeka kwa mtetemo mdogo usiokatika, na maji yalikuwa yanarusha manyunyu mpaka kwenye vifundo vyangu. Harufu ya udongo ilikuwa nzito, harufu ya shamba zima lililolimwa kwa siku moja. Katikati ya daraja shangazi alisimama. Nilidhani amechoka. Akashika kanga yangu kwa mkono wake mwenyewe, akaifunua.

"Angalia," alisema. "Utaolewa mara moja, lakini hii pia sijui kama utaiona tena. Angalia haraka."

Niliangalia. Ntahangwa niliyoijua ilikuwa kijito cha watu kufua nguo, kinachoruka juu ya mawe. Sasa mto ulikuwa umejaza bonde lote, mwekundu kwa udongo wa milima, na katikati maji yalikuwa yamepanda juu kuliko pembeni, yamevimba kama mgongo. Mikaratusi mizima ilikuwa inakuja na mizizi yake mbele. Lilikuja paa la nyumba, zima, limekaa sawa juu ya maji, na antena yake, likapita chini ya miguu yetu na kutokea upande wa pili bado likiwa zima. Kila kitu kilikuwa kinakwenda ziwani na hakuna kilichokuwa kinapinga. Nimeona mambo mengi tangu hapo. Sijaona kitu kilichonifanya niwe mdogo namna ile, wala kilichonifanya nifurahi namna ile kuwa mdogo.

Kisha nikaiona nyumba yetu, kwenye kona ya mto. Sikuwahi kuitazama kutoka upande ule. Ukuta wa nyuma haukuwepo tena. Nilikiona chumba changu kutoka nje, rangi yake ya waridi, kitanda, na zile kanga mbili bado zinaning'inia dirishani juu ya maji. Wiki nzima nilikuwa nimetamani kuchungulia nje, na sasa nilikuwa nje nachungulia ndani. Chumba kiliinama mbele, polepole, kwa adabu, kikaingia mtoni. Hakikutoa sauti yoyote. Mto ulikuwa umechukua sauti zote.

Shangazi alinirudishia kanga usoni. Mbele yetu mama alikuwa anatembea, macho yake kwenye mlango, hakugeuka.

"Usimwambie," shangazi alisema. "Anajua."

Nyumba iliyobaki iliondoka mchana ule ule. Baba alikwenda kuangalia, akarudi na kiti cha plastiki tu.

Jumapili maji ya Muha yalishuka, daraja likafunguliwa, na watu wa Musaga wakaja, wamechelewa kama kawaida yao, viatu vya harusi vimejaa tope. Nikaha ilifungwa. Kwa baba mdogo kulikuwa na nyumba yenye mlango mzuri wa chuma, na mtu mmoja wa upande wa mume aliuliza kwa heshima kwa nini nisitokee huo. Shangazi alimwangalia tu, na mtu yule akaenda kutafuta soda.

Baba alikuwa ameusimamisha mlango wake katikati ya uwanja. Alichimba, akaweka fremu, akaishindilia kwa mawe, akaitia mihimili pande mbili, akapima kwa timazi yake kama ilivyo desturi yake. Ulisimama wima kabisa, maua pembeni, kitasa cha shaba kimesuguliwa. Kulia kwake hapakuwa na kitu, na kushoto kwake hapakuwa na kitu. Upande mmoja tulikaa sisi, kwenye mikeka, na upande wa pili, kwenye geti, magari yalingoja.

Nilisimama mbele ya mlango na mama. Alinitengeneza mtandio ambao haukuwa na kosa. Nilimshika mikono, ilikuwa bado ina harufu ya liwa yangu. Hakunipa maneno mengi.

"Uende vizuri, mama yangu," aliniambia, maana ndivyo tunavyowaita binti zetu tukiwapenda sana.

Akafungua. Nikavuka kizingiti, na shangazi na dada yangu wakavuka nami kunisindikiza kwenye gari. Nyuma yangu nilisikia mlango ukirudi kwenye fremu, kisha ufunguo, mizunguko miwili, kama alivyoufunga kila jioni ya maisha yangu. Mimi ni mtu wa kuchungulia. Ningeinamisha shingo kidogo tu kushoto ningemwona, amesimama hapo, hakuna ukuta kati yetu. Sikuinamisha. Nilitembea mpaka kwenye gari machozi yakinitiririka na macho yangu yameelekea mbele.

Dada yangu aliingia nami garini. Shangazi alibusu kichwa changu, akafunga mlango wa gari, akarudi uwanjani. Kioo kilikuwa wazi, na injini ilikuwa bado haijawashwa. Nilisikiliza ndala zake zikienda juu ya changarawe. Pilau ilikuwa upande ule, watu walikuwa upande ule, na nafasi ya kuzunguka ilikuwa kubwa ya kupita lori. Ndala zilisimama mlangoni.

"Hodi, wifi," nilimsikia akisema.

Dereva alitaka kuwasha gari, dada yangu akamshika bega.

Kisha ufunguo ukazunguka, na sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango.

"Karibu."